Ndoo ya Krimu ya Saba Saba

Ijumaa ya tarehe 5 Julai 1974, saa moja na robo asubuhi, Eufrazia alichomeka kisu bapa ndani ya ndoo ya krimu, na kisu kikakwama. Krimu ya siagi haikwamishi kisu. Alikizungusha, akakivuta, kikatoka na bonge la ugali wa muhogo.

Hapo ndipo ushirika wa akina mama waoka mikate wa Temeke ulipojua kwamba umeibiwa.

Keki ilikuwa ya Saba Saba, siku mbili mbele. TANU ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na watu mia nne wa kata walikuwa wameahidiwa kipande. Mwaka ule unga na sukari vilikuwa vya kupangia foleni. Ndoo ile ya kilo ishirini, krimu iliyochanganywa tayari kiwandani huko ng'ambo, ilipatikana kwa kibali kwenye duka la jumla mjini, na duka lilikuwa nayo moja tu. Bi Mwanakombo, mwenyekiti wa ushirika, hakuuliza mara mbili. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja, na aliyeushika alikuwa Adelina. Saa mbili Adelina alipelekwa kituoni, akakalishwa kwenye benchi.

Saa tatu kasoro Koplo Hamisa Jabiri aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa ushirika. Alikuwa na miaka sita katika jeshi la polisi, na kesi alizopewa zilikuwa za kuku na ugomvi wa wapangaji. Alisalimia, akamwamkia Bi Mwanakombo, kisha akaomba aonyeshwe ndoo.

"Nani aliyeifungua mara ya kwanza?" aliuliza.

"Mie," alijibu Eufrazia, mpambaji wa keki, mwanamke mnene mwenye mikono midogo. "Jumatatu, ilipoletwa na Nassibu kwa gari. Saa tisa alasiri. Nilikata lakiri mwenyewe, nikaonja. Ilikuwa krimu tupu hadi chini, nilizamisha mwiko mzima."

Basi Nassibu dereva akawa ametoka kwenye hesabu. Tangu Jumatatu jioni alikuwa safarini Morogoro, na alirudi asubuhi ileile.

"Nimesikia hukuitaka ndoo hii," Hamisa alimwambia Eufrazia.

"Nani angeitaka? Miaka kumi napiga krimu yangu kwa mwiko, leo naletewa ya debe kama mafuta ya taa."

"Ingeharibika, wangerudi kwako."

Eufrazia hakukasirika. Alichota krimu iliyobaki juu, akaijaza kwenye mfuko wa kitambaa wenye mdomo wa bati, akashika msumari wenye kichwa kipana kwa mkono wa pili. Msumari ukazunguka. Mdomo wa bati ukapumua mara saba, na juu ya msumari likawa limechanua waridi, kila petali nyembamba kama sikio la mtoto mchanga. Hamisa alisahau alichokuwa anauliza. Alikuwa amekula keki maishani, lakini hakuwahi kuona ua likizaliwa.

"Umeona?" alisema Eufrazia kwa sauti ya chini. "Yangu ya mwiko ikifika saa sita mchana inalegea. Hii ina mafuta magumu. Ukiifinyanga inabaki vilevile ulivyoiacha. Naichukia, afande, lakini tangu Jumatatu silali, nawaza nitakachoifanyia. Mie niibe ili nikapambe nini? Keki ni hiyo moja."

Hamisa alimwamini. Aliinama tena juu ya ndoo. Juu palikuwa na krimu ya unene wa vidole vinne, imesawazishwa vizuri, ila pale Eufrazia alipochota. Chini yake ulikuwa ugali. Aliuchimba kwa kijiko, akaweka mabonge juu ya sinia kwa utaratibu, la juu mwanzo, la chini mwisho. Kisha akanusa moja moja. La juu lilikuwa la jana, bado tamu. La katikati lilianza kuchachuka. La chini kabisa lilikuwa limeshaota ukungu.

Alikaa kitako akitazama sinia. Mwizi wa usiku mmoja angejaza ugali wa siku moja. Huyu alikuja Jumanne, akaja Jumatano, akaja Alhamisi, kila siku akachukua kidogo na kuziba pengo. Na kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Alikuja mchana, mlango ukiwa wazi, na aliyemwona hakushangaa.

Saa tano Hamisa alikuwa kituoni, ameketi kwenye benchi kando ya Adelina. Macho ya Adelina yalikuwa yamevimba.

"Stoo unaifungua saa ngapi, dada?"

"Saa nne na saa nane. Nakaa mlangoni na daftari la unga."

"Nani mwingine anaingia?"

"Hakuna. Naapa kwa Bikira Maria, hakuna anayeingia. Mie tu, na Mauwa anapomwagia maji magunia ya kupooza ndoo."

"Kumbe Mauwa anaingia."

"Mauwa anaingia, ndiyo. Lakini nimekwambia hakuna mtu."

"Mauwa si mtu?"

Mauwa alikuwa muosha vyombo. Miaka mitatu alikuwa akipita mbele ya watu na ndoo ya maji, na katika miaka hiyo hakuna aliyemsikia akiongea maneno kumi mfululizo.

Hamisa alirudi ushirikani saa nane na nusu. Mauwa alikuwa ameshaondoka. Ndoo yake ya maji ilikuwa imetundikwa msumarini uani, imesuguliwa, inang'aa. Lakini chini ya mshikio, pale ambapo bati hukunjwa na kitambaa hakifiki, sisimizi walikuwa wamejipanga mstari, wanaingia na kutoka.

Maji hayavuti sisimizi. Hamisa alipitisha kucha kwenye mkunjo, akaonja. Ilikuwa sukari na siagi.

Saa kumi na moja alasiri alipiga hodi kwenye nyumba ya udongo upande wa Mtoni. Barazani alikuwa ameketi Mzee Romani, baba yake Mauwa, mchonga vinyago aliyehamia kutoka Newala, gogo la mpingo likiwa katikati ya miguu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Namtafuta Mauwa."

"Yumo ndani. Siku hizi akirudi hujifungia. Nikadhani ana mchumba." Mzee alipuliza vumbi la mpingo. "Ana makosa gani?"

"Huenda hana. Nitajua nikiingia."

Mlango wa chumba ulifunguliwa kabla hajaugonga. Mauwa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mikono yake myeupe kwa krimu hadi kwenye viwiko. Hakukimbia. Alisogea pembeni.

Katikati ya chumba palikuwa na meza ndogo, miguu yake minne imesimamishwa ndani ya makopo ya maji ili wadudu wasipande. Juu ya meza kulikuwa na sinia lenye kitu kilichofunikwa shuka lililolowa. Mauwa alilishika shuka kwa ncha na kuliinua taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Hamisa alivua kofia yake ya kazi bila kujua kwamba anaivua.

Ulikuwa mnara wa watu, urefu wa mkono mzima, mweupe pe. Wamebebana: mwanamke na mtungi juu ya mabega ya mwanamume, mtoto ameshika kisigino cha bibi, mgongo juu ya mgongo, kila mmoja akimshikilia mwenzake asianguke. Vidole vilikuwa na kucha. Shingo zilikuwa na mikunjo. Mwanga wa jua la jioni uliingia dirishani ukapita kwenye masikio yao membamba, na kwa pumzi tatu au nne Hamisa alingoja waanze kusogea. Alikuwa ameona vinyago vingi barabarani. Hiki kilimfanya aogope kupumua karibu nacho.

"Ni kilo ngapi hizi?" aliuliza, maana ilibidi aulize kitu.

"Sijui. Wa kwanza ulianguka. Wa pili nao ulianguka. Nikatia kijiti cha mbaazi ndani."

"Kwa nini, Mauwa?"

"Kwetu mwanamke hashiki tindo." Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya chumvi. "Tangu mdogo nilikuwa nafagia vibanzi vya baba. Jumatatu nikaosha mwiko wa Bi Eufrazia. Krimu ikanibakia kidoleni. Nikaifinya, ikawa pua. Ikabaki pua. Sikulala."

"Ulijua watagundua leo."

"Nilijua."

"Adelina yuko kwenye benchi la kituo tangu saa mbili asubuhi. Ana watoto watatu. Ulimwona akichukuliwa?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

Kwa mara ya kwanza Mauwa aliinamisha kichwa. "Ulikuwa umebaki uso mmoja," alisema.

Hamisa alisikia ubaridi mgongoni. Hakujua kama ni kwa sababu ya Adelina au kwa sababu ya uso ule, ambao sasa aliuona, kileleni kabisa: mwanamke mzee amefumba macho, midomo imelegea kidogo, kama anayesikiliza mvua.

Nyuma yao tindo lilianguka sakafuni. Mzee Romani alikuwa mlangoni. Alisogea hadi mezani, akainama, pua yake ikikaribia kabisa uso ule mweupe.

"Huyu ni mama yako," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mie nimejaribu miaka tisa kumchonga. Sijampata." Aligeuka kwa Hamisa, mashavu yamelowa. "Afande, andika na jina langu. Mie nilimnyima tindo; nilimwibia kabla yeye hajaiba."

"Sheria haina nafasi ya kuandika hilo, mzee."

"Basi acha nitembee nanyi."

Walitembea watatu, Hamisa na Mauwa wameshika sinia kwa pande zote mbili. Barazani watu waliokuwa wakicheza bao waliacha kete mikononi. Mwenye kuuza maji aliweka madebe chini.

Kituoni Bi Mwanakombo alikuwa anangoja, na Eufrazia kando yake. Mwenyekiti alianza kusema habari ya mali ya umma, akafika katikati ya sentensi, akauona mnara, na sentensi haikuisha. Eufrazia aliuzunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu aliye kanisani.

"Miaka kumi napamba keki," alisema. "Kumbe nilikuwa nachezea maua."

Adelina aliinuka kwenye benchi. Alimtazama Mauwa, si mnara.

"Watoto wangu wameshinda kwa jirani bila kula," alisema.

"Nisamehe, dada."

"Leo siwezi."

Hamisa alifungua daftari. Mauwa angefikishwa mahakama ya mwanzo Jumatatu, na ushirika ungeamua kama unashikilia mashitaka. Lakini sinia lilikuwa bado limewekwa juu ya kaunta, kukiwa na joto la taa juu yake, na keki ya watu mia nne ilikuwa inangoja ikiwa haina kitu juu yake. Bi Mwanakombo alimtazama Koplo. Koplo alitazama ukuta.

Adelina ndiye aliyesogea. Alishika ukingo mmoja wa sinia kwa mikono miwili, akajaribu uzito wake.

"Sijakusamehe," alimwambia Mauwa. "Shika huko. Twende nao kwenye keki, taratibu."