Kidevu cha Kinyozi

Kinyozi alikuwa na mikono mizuri na kidevu kibaya. Mikono yake ilipita kichwani kwa mteja kama inayombembeleza mtoto. Lakini kidevu chake kilijaa vipele, na kila kipele kilichopona kiliacha doa jeusi.

Wateja wake nao walikuwa na midomo.

"Kweli mganga hajigangi!" mmoja alisema, povu likiwa bado shavuni.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kinyozi naye alicheka, maana mwenye wembe mkononi hafai kukasirika. Lakini moyoni yalimchoma. Wiki hiyohiyo kijana mmoja aliingia, akakitazama kile kidevu, mara akakumbuka kwamba ana haraka.

Siku moja mchana kinyozi alirudi nyumbani na kichupa cha plastiki. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa sebuleni akipinda suruali ya shule.

"Nini hicho, baba watoto?"

"Dawa ya kuambua uso. Ngozi ya zamani inatoka, mpya inakuja. Nimeinunua sokoni."

"Mbona haina hata maandishi?"

"Dawa ni dawa, mama. Nyoka huvua gamba lake, sembuse mimi?"

"Nyoka hanunui gamba sokoni," mkewe alijibu, akaendelea kushona.

Kinyozi akaingia bafuni, akapaka kidogo kwenye taya. Kwanza alisikia joto. Halafu alisikia moto.

"Nakufa! Nileteeni dawa ya meno nipake!"

"Hupaki kitu! Maji tu!" Mkewe alikuwa ameshafika. Alifungua bomba, akamwinamisha, maji yakatiririka kwenye taya. Akamwambia binti yao akimbie kwa jirani, muuguzi wa kliniki ya ngozi.

Muuguzi alikuja na kanga yake ya nyumbani.

"Vizuri. Endelea kummwagia maji, usiharakishe," alisema. "Shemeji, macho hayakuguswa?"

"Hayakuguswa. Kilichoguswa ni heshima yangu."

Wote wakacheka, hata yeye, maji yakimwingia mdomoni. Moto ulipopoa, muuguzi alikishika kile kichupa kwa ncha za vidole.

"Hii ni asidi. Lakini asidi gani? Kali kiasi gani? Hakuna ajuaye."

"Kwa hiyo kuambua uso ni uongo?" fundi aliuliza.

"Si uongo, shoga. Ni tiba, hata kliniki tunaifanya. Daktari hupaka dawa anayoijua, kwa kipimo anachokijua. Ngozi ya juu iliyochoka inatoka polepole, na madoa yanafifia. Lakini ikiwa kali mno, ngozi inaungua. Ngozi yetu nyeusi ikiungua, inaweza kuacha doa jeusi kuliko lile la kwanza, au kovu."

"Na nitakuwa mweupe?" kinyozi aliuliza kwa hofu. "Wateja hawatanijua."

"Hapana, shemeji. Huku si kujichubua. Rangi yako inabaki yako."

Alimpeleka kliniki siku hiyohiyo. Daktari wa ngozi alitibu kwanza pale palipoungua. Baadaye alikikagua kidevu chote.

"Unanyoa vipi?" aliuliza.

"Mpaka chini kabisa, daktari. Nateleza kama yai."

"Hapo ndipo tatizo lilipo. Nywele zako ni za kujikunja. Ukizikata chini sana, zinageuka na kuchoma ngozi. Ndiyo asili ya vipele hivyo. Tukiambua madoa nawe ukaendelea hivyo, tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu."

Kinyozi alikipapasa kidevu chake. Miaka yote hiyo alijidhani fundi wa ndevu!

Daktari akamuuliza kama ana makovu yanayovimba, kama hutokwa na malengelenge mdomoni, na kama anatumia dawa yoyote.

"Hata mjamzito lazima aseme," muuguzi aliongeza.

"Hilo mimi sina," kinyozi alisema.

Aliacha kunyoa chini kabisa. Taya lilipopona, daktari alijaribu dawa laini mahali padogo karibu na sikio, akasubiri aone ngozi inavyopokea. Ilipokea vizuri. Ndipo akaanza kumpaka kidevuni, mara moja kila baada ya wiki kadhaa. Iliwasha kidogo tu. Ngozi ikakauka, ikatoka kama vumbi la chaki.

Kazi ngumu ilikuwa kutoigusa.

"Ondoa mkono!" binti yake alimpigia kelele kila alipoona kidole kikipanda. "Muuguzi amesema usibandue!"

Kila asubuhi alipaka krimu ya kuzuia jua na kuvaa kofia pana. Wateja walimwita Bwana Shamba. Akawaitikia.

Vipele vilikoma, na madoa yakafifia mwezi baada ya mwezi. Hakupata uso mpya. Alipata uso wake ukiwa umetulia. Wateja wenye vipele walipomuuliza siri, hakuwauzia maneno. Aliwaonyesha njia ya kliniki, akaanza kuwaachia ndevu fupi badala ya kuzifuta. Wakarudi na ndugu zao.

Jumapili moja mkewe alimwita ampime shati jipya. Alimzungushia futi shingoni, akasogea asome namba. Shavu lake likagusa kidevu cha mumewe. Akalibakiza pale.

"Ngapi?" kinyozi aliuliza.

"Nini ngapi?"

"Shingo yangu."

"Subiri kwanza," fundi alisema, macho ameyafumba. "Nimesahau nilichokuwa napima."