Maji Baridi ya Mama Mwalimu

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Milembe alipita nyumbani kwa Mwalimu Constantine kupiga bahari pampu.

Ndivyo watoto wa Bariadi walivyosema, na hawakukosea sana. Sebuleni kwa mwalimu palikuwa na sanduku la kioo lililojaa maji ya bahari. Mwalimu na mkewe, Mama Felisita, walikuwa watu wa Tanga. Mwaka huo wa 1956 walirudi kutoka likizo na maji hayo katika chupa kubwa. Yalipanda treni mpaka Mwanza, kisha basi mpaka Bariadi, yakimlowesha kila abiria aliyethubutu kukaa karibu nayo. Juu ya jiwe lililokuwa ndani ya sanduku waliishi wanyama wanne wadogo, wekundu, wanaofanana na maua. Mama Felisita aliwaita maua-bahari.

"Hawana macho wala masikio, na kila mmoja ana mguu mmoja," alimweleza Milembe. "Mguu ukishika jiwe, wataishi. Ukiachia, tuna msiba."

Wanyama hao walipofika, hawakutaka kushika jiwe. Mama Felisita aliwafunika kwa kikapu kidogo, mahali maji yalipotulia, wakaachwa bila kuguswa mpaka kila mmoja akang'ang'ania jiwe. Kazi ya Milembe ilikuwa kusukuma hewa majini kwa pampu ya baiskeli, polepole, na kuwalisha vipande vya dagaa wa Lamadi vidogo kama punje za mtama. Aliwaangalia kama nyumbani kwao walivyoangalia ndama wachanga.

Siku ikafika ya Mama Felisita kwenda Mwanza kujifungua hospitalini, naye mwalimu akamsindikiza. Basi lilikuwa tayari linapiga honi.

"Maji yakishuka chini ya mstari huu wa rangi," alisema Mama Felisita, akionyesha kioo, "ongeza maji baridi. Baridi tu, mwanangu. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama Mwalimu."

Kusikia alisikia. Kuelewa ni habari nyingine. Kwao walizungumza Kisukuma. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, na darasani baridi ni baridi. Alitaka kuuliza, lakini mlangoni alisimama binamu yake Shija, mvulana aliyeweza kumcheka mtu Jumatatu na bado akawa anamcheka Ijumaa. Milembe akanyamaza.

Maji yaliposhuka, alifikiri kwa bidii. Bahari ni chumvi, hilo kila mtu analijua. Basi akakoroga chumvi katika maji ya kisima, akayatia katika mtungi wa bibi yake, akayaacha yapoe vizuri. Yalipokuwa baridi kabisa, akayamimina. Kesho yake maji yakashuka tena, naye akaongeza tena, akijisifu moyoni kwa utii wake.

Maua-bahari hayakumsifu. Yalijikunja yakawa kama vifungo vya shati kuukuu. Asubuhi moja Milembe alikuta mmoja ameachia jiwe na kulala chini, mlegevu. Akalia mpaka pampu ikamponyoka mkononi.

"Usilie," alisema Shija, kwa sauti ya mzee wa baraza. "Nimeshapata dawa." Akatoa mfukoni nyanya iliyoiva na kisu. Alikata vipande vinne vizuri, akavichanja kingo vikawa kama petali, akavipanga juu ya jiwe.

"Hizo ni nyanya, Shija!"

"Wewe unajua, mimi najua. Mwalimu atajuaje? Hata afya zao ni nzuri kuliko za wale wako."

Alasiri hiyohiyo mwalimu alirudi peke yake, na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. "Mwangaluka!" aliwaamkia. Hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, lakini ndiyo pekee aliyoijua, na aliitumia mpaka usiku. "Mama amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Ameniuliza habari za maua yake kabla hajaniuliza kama nimekula. Wanaendeleaje?"

"Wamenenepa, Mwalimu," alijibu Shija.

Mwalimu alichungulia kutoka alipokuwa, akaona wekundu, akatabasamu. Aligeuka kwenda kunawa uso. Milembe alitazama pembeni ya jiwe, ambako watatu walikuwa bado wameshika kwa shida. Kama angenyamaza, mpaka kesho nao wangeachia, na hakuna mwingine aliyejua kilichokuwa ndani ya maji yale.

"Mwalimu," alisema. "Hizo ni nyanya. Maua yanakufa. Nimeyaharibu mimi."

Mwalimu alichovya kidole, akaonja, akakunja uso wote. "Mtoto wee! Hii si bahari, hii ni kachumbari! Umetia nini?"

"Mama alisema maji baridi. Nikatia chumvi, nikayapoza mtungini."

Mwalimu akaketi sakafuni. "Aa, Milembe. Kwetu pwani maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa ya moto. Jua hunywa maji tu, chumvi inabaki. Ndiyo maana huongezwa yasiyo na chumvi. Nasi hatukukueleza, tukakimbilia basi."

Wakafanya kazi pamoja. Walichota maji kidogo sandukuni, wakatia ya mvua kikombe kimoja kimoja, asubuhi na jioni, ili wanyama wasishtuke. Kikapu kikarudishwa. Shija alihukumiwa kupiga pampu kila siku, na kula vipande vyake vyote vinne vya nyanya, vilivyokolea chumvi. Yule aliyeachia jiwe hakupona. Watatu walifunguka tena, mmoja baada ya mwingine.

Mama Felisita aliporudi na mtoto mgongoni, alisimuliwa yote. Alimvuta Milembe karibu.

"Watatu hawa wako hai kwa sababu ulisema kweli ilipokuwa vigumu kuisema," alisema. "Yule mmoja angekuwa hai kama ungeuliza ilipokuwa rahisi kuuliza. Usiogope kuchekwa, mwanangu. Kicheko hakiui kitu." Kisha akafungua kanga. "Sasa nisaidie. Mtoto anataka kuoga. Lete maji baridi."

Milembe alichukua ndoo, akafika mlangoni, akasimama. Shija alikuwa pale pale, mdomo umeshafunguka tayari kucheka.

"Mama Mwalimu," aliuliza Milembe kwa sauti kubwa, "baridi ya Tanga au ya Bariadi?"