Jibu Lililotoka kwenye Simu ya Mama

Kila jioni mama yake Chiriku alirudi kutoka kazini na matope kwenye viatu na simu mkononi. Viatu vilibaki mlangoni. Simu iliingia ndani, ikakaa mezani, ikaanza kulia. Ililia sana, hata kasuku wa jirani akajifunza mlio wake, na mara mbili mama aliacha sufuria jikoni akakimbia kwenda kumjibu ndege.

Mama alikuwa mkuu wa mitaro katika ofisi ya mji. Zamani maagizo ya kazi hiyo yaliandikwa kwenye karatasi, yakapigwa mhuri na kuwekwa kwenye faili masjala, chumba cha kutunzia barua za ofisi. Mama aliona karatasi zinamchelewesha. Akaunda kundi kwenye simu yake mwenyewe, akaliita Kazi Chapuchapu. Watu wa mitaro wakawa wanatuma picha za mitaro iliyoziba, yeye anajibu. Picha zilipoijaza simu mpaka pumzi ikaiishia, alilipanga kundi lifute ujumbe wote, kwenye simu za wote, kila baada ya siku moja.

"Simu yangu inajifagia yenyewe," alijisifu.

Chiriku alikuwa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu ya maneno mengi. Nyumbani walisema siku aliyozaliwa mkunga alisubiri mtoto alie, mtoto akauliza saa ngapi.

Jumatatu moja mama alipokuwa bafuni, Chiriku aliichukua simu kucheza mchezo wa kupanga matofali. Alikuwa amebakiza matofali mawili tu avunje rekodi yake. Mara ujumbe ukashuka, ukafunika mchezo. Ulitoka kwa msimamizi wa kikosi cha mitaro, mwanamume mrefu aliyeitwa Winchi kwa nguvu zake. Huyo akikusalimia upande huu wa mto, watu wa upande wa pili huitikia.

"Bosi, kibanda cha fundi viatu kimeukalia mtaro. Tukiondoe kesho asubuhi?"

Chiriku akausukuma pembeni. Ukaja mwingine: "Bosi, nasubiri jibu." Kisha mwingine: "Bosi?"

"Lo, huyu naye!" Chiriku akanung'unika. Akabonyeza picha ya dole gumba, ikaenda. Simu ikanyamaza. Rekodi ikavunjika, naye akaruka juu kwa furaha, hana habari na kingine.

Jumatano fundi viatu, mzee mwembamba, alirudi kutoka kumwona mjukuu wake aliyezaliwa. Akakuta mashimo manne ya nguzo na kipande cha mpira wa soli. Alisimama pale na ufunguo mkononi, asione kufuli la kufungua.

Jioni hiyo mama alirudi amevimba kwa hasira.

"Mzee wa watu ana barua ya kukaa pale, nimeiona leo masjala kwa macho yangu. Winchi kamng'olea kibanda! Halafu ananitazama usoni anasema nilimruhusu kwa dole gumba. Nimetafuta kwenye simu yangu, hakuna. Katafuta kwenye yake, hakuna. Uongo mtupu! Kesho saa nne mkurugenzi anamwachisha kazi."

Chiriku akanyamaza. Katika nyumba ile, Chiriku kunyamaza ilikuwa kama umeme kukatika. Mama akamgusa paji la uso.

"Una homa, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Mbona husemi?"

"Sina la kusema."

Hilo peke yake lingetosha kumpeleka hospitali, lakini mama alikuwa amechoka. Chiriku alikwenda kulala mapema. Alijiambia kwamba Winchi atapata kazi nyingine, mtu mwenye mabega kama yale hakosi. Kisha akamkumbuka siku ya mafuriko, alivyowavusha watoto wa shule wawili wawili mabegani, huku akiwauliza majedwali ya kuzidisha ili wasiogope.

Asubuhi mama alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, Chiriku akasimama mbele yake.

"Mama, dole gumba nililituma mimi."

Mama hakuinuka. "Umesema nini?"

"Winchi aliuliza. Nilikuwa nacheza. Alinisumbua, nikajibu tu ili aache. Sikujua kama ni kazi, mama. Basi, nilijua kidogo. Nilisoma."

Mama akakaa chini sakafuni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akakitazama kile kiatu kana kwamba kimemtukana.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Nje, kasuku akalia kama simu. Hakuna aliyecheka. Chiriku aliona mama anafikiri, na akaelewa anafikiri nini: ujumbe umefutika, hakuna ushahidi, na mkuu aliyeacha kazi ya mji ichezewe na mtoto anaweza kufukuzwa badala ya Winchi.

"Mama, utasema?"

Mama akavaa kiatu cha pili. "Jana nilimwita mtu mzima mwongo mbele ya vijana wake," alisema taratibu. "Chukua mkoba. Tunapita ofisini kwanza."

Winchi alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi mbele ya meza ya mkurugenzi, magoti yakimgusa kidevu. Kofia yake ya kazi alikuwa ameivua, anaizungusha mikononi. Pembeni alisimama mama wa masjala na faili la fundi viatu. Barua ya kumwachisha Winchi kazi ilikuwa mezani, inasubiri saini.

"Bwana mkurugenzi, usisaini," mama alisema kabla hata ya kukaa. "Winchi hakudanganya. Jibu lilitoka kwenye simu yangu."

Akaeleza yote. Hakumsukumia mtoto lawama. Alisema kundi alilianzisha yeye, kufuta ujumbe alipanga yeye, na simu ya kazi za mji aliifanya ya kuchezea nyumbani. Kisha Chiriku akaitwa.

"Shikamoo," alisema kwa sauti ndogo. "Ni kweli. Nisamehe, baba Winchi."

Winchi akapumua. Karatasi mezani zikapepea. "Mwanangu," alisema, "usiku kucha nilijiuliza kama macho yangu yamenichezea. Ahsante. Na mimi nilikosea, ningedai barua."

"Sisi sote," mkurugenzi alisema, akikohoa. "Mimi mwenyewe nimo kwenye hilo kundi. Kila siku natuma madole gumba bila hata kusoma."

"Ndiyo maana masjala nimebaki na buibui," mama wa masjala akadakia. "Mwaka mzima! Wameshaanza kusaini daftari la mahudhurio."

Mkurugenzi alichana barua ya Winchi. Mama alipewa onyo la maandishi, akalitia saini bila kulalamika. Akageuka. "Kaka, nisamehe kwa jana. Nitawaambia vijana wako mimi mwenyewe. Sasa tafadhali, kirudishe kibanda cha mzee."

Winchi akasimama, akavaa kofia, akakunja mikono kifuani. "Samahani, bosi. Sigusi hata msumari mpaka nione karatasi."

Chumba kizima kikacheka, mama naye. Akaandika agizo papo hapo. Mama wa masjala akaligonga mhuri kwa nguvu hadi vumbi la mwaka mzima likaruka, akaweka nakala kwenye faili, na nyingine akaitenga kwa ajili ya fundi viatu. Kabla ya adhuhuri kibanda kilikuwa kimesimama mahali pake, na mzee alikuwa anajaribu ufunguo kwenye kufuli, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga.

Mama akamshika Chiriku mkono wakaelekea shuleni.

"Ulikosea kugusa kazi isiyo yako," alimwambia, "lakini leo umeokoa riziki ya mtu kwa kusema kweli, na hapo nakushukuru. Kosa langu ni kubwa zaidi. Kazi ya mji ni mali ya watu wote, haifai kukaa kwenye simu ya mtu mmoja. Iandikwe mahali ambapo hata mimi siwezi kuifuta, ili mtu mdogo akionewa, aonyeshe kidole pale aseme: someni wenyewe."

Chiriku akawaza hatua tatu nzima. Kisha akaanza kuuliza maswali, na mpaka getini mama alikuwa hajamaliza kuyajibu.