Mwendo wa Silasi

"Nyuki Saba, unanipata?"

"Nakupata."

"Kafungua redio tena. Sekunde tisa tu, lakini mtambo umemnasa. Nyuzi mia mbili sitini na nane za dira kutoka Tabora."

Advera alikanyaga mafuta, na Land Cruiser ikazidi kuimeza barabara ya Urambo. Kwenye kiti cha pembeni, sanduku la bati lenye antena nne fupi lililia mara moja, na mstari mwekundu ukajichora kwenye kioo chake. Mstari wa Tabora ulikuwa wa bluu. Ilichukua sekunde mbili mistari hiyo kukutana.

"Stesheni ya Kaliua," alisema.

"Treni ya Mpanda inaondoka hapo saa nane kamili. Akiondoka nayo, askari wetu arobaini na wawili hawatarudi kutoka porini. Picha yake nimekutumia kwenye simu, iangalie vizu..." Hilari, mkuu wake wa kazi, alikatiza maneno. Alikuwa amesahau tena. "Nisamehe, dada."

"Haina neno, mkuu."

Saa yake ya Casio ilionyesha saa saba na dakika nne.

Picha haikuwa na faida kwake. Aliona macho, aliona pua, aliona kovu kama lipo. Akigeuka pembeni kidogo, vyote vimefutika. Ilikuwa miaka sita sasa, tangu gari lao la kazi lilipolipuliwa karibu na Bukene na kichwa chake kikapiga jiwe. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alimwonyesha picha ya mama yake mzazi. Advera akauliza, huyu bibi ni nani? Daktari akavua miwani, akasema kesi kama hiyo alikuwa akiisoma vitabuni tu, kisha akaomba ruhusa ya kuiandikia makala.

Hiyo ndiyo dawa aliyopewa.

Idara yake ya usalama ikamhamishia Tabora, kwenye chumba kimoja mtaa wa Gongoni. Majirani walimwona akiwapita bila salamu, wakasema anaringa. Akabadili mtindo. Akaanza kumwamkia kila mtu shikamoo, mkubwa kwa mdogo, ili asimkosee yeyote. Siku moja alimwamkia mtoto wa darasa la nne. Mtaa mzima ulicheka, naye akacheka nao, kisha akafunga mlango na kukaa kitandani mpaka jioni. Alikuwa mpweke, tena upweke mbaya, wa kuamka kila siku katikati ya wageni, hata wale aliokunywa nao chai jana.

Sasa kwa nini idara imtume mtu asiyejua sura kwenda kumsaka mtu? Kwa sababu wanaojua sura walishachemsha. Mwizi aliingia kwenye kituo cha utafiti nje ya mji akiwa padri, akatoka akiwa fundi wa mabomba. Vijana watatu waliokuwa na picha yake mkononi walimpisha getini. Mmoja alimsaidia kubeba ngazi.

Alichoiba kilikuwa kazi ya miaka minane ya mhandisi Mitali, binti wa wenye duka la vitenge karibu na soko. Mitali alikuwa amesimika antena kumi na sita kwa safu moja uwanjani, na asubuhi hiyo alimweleza Advera kazi yake huku macho yamemvimba kwa kulia.

"Safu hii haioni chochote, dada. Wimbi la redio linagonga antena ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Sisi tunapima kuchelewa kwake tu. Hapo tunajua limetoka upande gani. Na kila redio ina tabia yake ndogondogo, tukiizoea hatuipotezi."

"Kama hatua za mtu," Advera alisema.

Mitali akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ndiyo. Kama hatua."

Kwenye flashi iliyoibwa kulikuwa na tabia za redio arobaini na mbili za askari wa wanyamapori waliokuwa ndani ya pori la Ugalla. Majangili waliokuwa wakiisubiri walikuwa tayari na antena zao. Wakiipata, wangejua kila askari kalala chini ya mti gani.

Kisha Mitali akamwonyesha video ya kamera ya korido. Mtu wa kofia, mgongo kwa kamera, anaelekea mlangoni. Kisigino cha kushoto kinachelewa. Bega la kulia linatangulia, kama mtu anayejipenyeza sokoni.

Advera aliomba airudie. Mitali aliirudia mara kumi na moja, na mara kumi kati ya hizo hazikuwa za kazi.

Alikuwa Silasi.

Silasi, mwenzake wa miaka tisa, waliyepita naye kila pori na kila kichochoro. Silasi aliyeteketea ndani ya gari lile la Bukene. Advera alihudhuria maziko yake akiwa na bendeji kichwani, na kila Novemba, siku ya Marehemu Wote, alikwenda kumwashia mshumaa. Watu wengine wote aliwapigia hesabu: sauti hii, kitenge hiki, mlango huu, basi atakuwa mama Levina. Huyu alimjua papo hapo, bila hesabu, na furaha ilimpanda kifuani kabla akili haijamweleza maana yake.

Aliyekuwa amekufa alikuwa mwizi. Na pengine zaidi ya mwizi.

Hakumtajia Hilari jina.

Kaliua. Saa saba na dakika arobaini.

Jua lilikuwa kali. Mabehewa ya Mpanda yalikuwa yamejaa nusu, na jukwaani walibaki watu kama mia mbili na magunia ya mpunga, kuku, ndoo za asali na mizigo ya tumbaku. Ng'ambo ya reli pikipiki moja aina ya Boxer, nyekundu, ilikuwa ikinguruma bila kwenda popote. Dereva wake hakuwa amevua helmeti.

Reli hii inafuata njia ya misafara ya kale. Bibi yake Advera alikuwa akisimulia kuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliporudi kutoka pwani, wake zao hawakungoja kuona nyuso, maana mizigo na vumbi vilizificha. Waliwajua waume zao kwa mwendo. Advera akasimama kando ya ukuta, akatazama miguu.

Dakika tano. Hakuna kisigino kilichochelewa.

Akaelewa. Silasi alijua nani angetumwa, kwa hiyo alikuwa ameficha na mwendo.

"Nyuki Saba, zimebaki dakika kumi na mbili."

"Najua."

Akafanya alichokuwa akikifanya Gongoni siku zote. Akaanza kupita jukwaani.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Utokako hawajambo?"

"Shikamoo."

Kijana wa mizigo akaruka nyuma. "Aah, sista! Unataka nipate laana? Shikamoo wewe!"

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Za Tabora? Mvua huko zimeanza?"

Mwisho wa jukwaa, kwenye benchi, aliketi mzee wa kanzu na koti kuukuu, ndevu nyeupe, mkongojo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akainamisha kichwa tu.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

Advera akamgeukia mama muuza karanga aliyekuwa amekaa chini karibu. "Mama, huyu babu ni bubu?"

"Bubu wapi! Tangu asubuhi ananilalamikia karanga zangu zina chumvi. Kakudharau tu, mwanangu."

Mzee wa Unyamwezini anaweza kukununia mwaka mzima, lakini shikamoo yako haachi ikae hewani. Anayeiacha anaogopa sauti yake isisikike.

Advera akaketi benchini. Chini ya kanga, mdomo wa bastola yake ya Glock ukagusa ubavu wa mzee.

"Miaka sita namwashia mishumaa mtu nisiyemjua," alisema taratibu. "Shikamoo, Silasi."

Treni ikapiga honi. Mzee akashusha pumzi.

"Marahaba, Advera."

Ilikuwa sauti ileile. Advera alitamani aseme tena, lolote lile, hata uongo.

"Tulimzika nani?"

"Maiti tu. Niliipata hospitali fulani, haikuwa na mwenyewe."

"Na mimi?"

"Ulitakiwa uwe umeshuka garini. Sikupanga uumie, naapa kwa Mungu."

"Toa flashi."

"Nisikilize kwanza." Alimgeukia. Sura ile mpya, ya kununuliwa kwa upasuaji nje ya nchi, haikumwambia Advera kitu. "Hilari ukipishana naye njiani utamjua? Mama yako je? Umebaki na mimi peke yangu. Panda treni hii, tuondoke. Utaamka kila siku kuna mtu unayemjua."

Hakudanganya, na hapo ndipo palipouma. Advera aliiona asubuhi hiyo anayoisema: chai mezani, hatua zinakuja kutoka uani, na yeye hana haja ya kuuliza ni nani.

Bastola ikalegea kidogo.

Silasi aliliona hilo. Mkongojo ukapanda, ukamchapa kifundo cha mkono, na Glock ikadondoka sakafuni. Kanzu ikabaki benchini. Ndevu zikabaki kwenye kokoto. Silasi alikuwa ameshavuka reli, anakimbilia pikipiki.

Advera akaiokota bastola kwa mkono wa kushoto na kupiga goti ukingoni mwa jukwaa.

Mwenye kukimbia kuokoa roho yake hana nafasi ya kuigiza. Kisigino cha kushoto kilichelewa. Bega la kulia likatangulia. Mwendo wa Silasi ulikuwa mbele yake wote, uleule wa zamani, na uwanja kati yao ulikuwa mtupu.

Hatua thelathini.

Mgongoni ni kifo. Gotini ataishi, lakini hatatembea hivyo tena.

Arobaini na wawili, alijiambia.

Akafyatua mara moja.

Silasi akaanguka kifudifudi. Boxer ikageuka na kutimua vumbi, lakini polisi wa reli waliokuwa getini waliizuia kabla haijafika barabarani. Advera alivuka reli kwa mwendo wa kawaida, akaivua soksi ya kulia ya majeruhi, maficho yake ya tangu zamani, akatoa flashi.

"Nyuki Saba! Nimesikia mlio. Ripoti!"

"Mzigo ninao. Mtu yuko hai."

"Ni nani? Umemtambua?"

"Silasi."

"Silasi wetu? Tuliyemzika?"

"Huyohuyo."

"Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Lakini una hakika, dada? Mbona sura siyo."

"Sura sikuiangalia, mkuu."

Saa nane kamili treni ya Mpanda iliondoka, na watu waliobaki wakasogea kushangaa. Polisi wawili walimpitisha Silasi jukwaani, mguu umefungwa ubao, mikono mabegani mwao, akirukaruka. Walipofika alipo, Advera alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Hakuona anayemjua.

"Shikamoo, Silasi," alisema.

Alingoja. Neno moja tu lingemtosha. Silasi aliuma meno, akatazama mbele, na polisi wakaendelea naye hadi kwenye gari. Advera hakuwahi kuhisi upweke kama ule, hata hospitalini.

Akafuta vumbi kwenye Glock, akaichomeka kiunoni, akajifunga kanga vizuri.

"Kumbe ulikuwa unamjua yule, mwanangu?" muuza karanga alimwuliza.

"Nilikuwa namjua, mama."

Akaelekea kwenye Land Cruiser bila haraka, akiwaamkia watu shikamoo, wakubwa kwa wadogo.