Kilichomo Ukutani

Jioni ile nilikwenda kukagua unyevu tu. Fundi cherehani wa chumba namba sita alikuwa amenipigia mara nne, na mimi ndiye msimamizi wa nyumba za shangazi yangu. Ukuta ukivuja, masimango ni yangu.

Mlango ulipofunguka, harufu ikanipokea. Maziwa yaliyochacha na nywele zenye jasho. Nikajikaza nisitapike mbele ya mpangaji.

"Bomba limepasuka," nikasema, nimeziba pua.

"Gusa mwenyewe, kaka."

Nikagusa. Ukuta ulikuwa na joto. Ukabonyea. Rangi ikabanduka na kunata kiganjani kama utando wa maziwa, na chini yake... vinyweleo.

Vimesisimka.

Nikafuta mkono kwenye suruali, nikafuta tena.

Tss... tss... tss...

"Ananyonya," fundi akanong'ona. "Kila magharibi. Nilimziba na kitambaa, akakila. Miezi mitatu namlisha, sasa basi." Akatoa mkataba wake. "Soma kifungu cha tano."

Nilikiandika mwenyewe, nikimaanisha mabomba na nyaya: *Kilichomo ndani ya ukuta ni jukumu la mwenye nyumba.*

Akanitia mkataba na ufunguo mkononi, akajitwika cherehani yake, akaondoka bila kuaga.

Nikampigia shangazi, nikamwambia kuna kinachonyonya ukutani mwa chumba namba sita.

"Kwa hiyo kaamka," akasema taratibu. Hata hakuuliza nani.

"Shangazi, ni nini hiki?"

"Tulimkuta humo tuliponunua. Humfuata aliyetia saini tu. Kwenye mkataba wa chumba hicho, penye 'mwenye nyumba', ulisaini vipi?"

"Kwa niaba yako, kama siku zote."

"Uliandika kny?"

Nikafunua ukurasa wa mwisho. Jina langu. Saini yangu na mbwembwe zake zote. Zile herufi tatu za "kwa niaba ya" hazikuwapo. Siku ile nilikuwa na haraka zangu za kijinga.

"Basi pole, mwanangu," akasema. Naapa nilimsikia akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akakata simu.

Ukuta ukakohoa.

Ufa ukafunguka usawa wa kiuno changu. Ndani, ufizi. Mwekundu, mbichi, una uzi wa kushonea umenasa katikati. Ute ukachuruzika hadi kwenye kiatu changu.

"Mwenye nyumba..."

Nilitimua mbio. Nyumbani nilioga mara tatu, nikajisugua mpaka ngozi ikawasha. Magharibi iliyofuata nikajikuta nimesimama tena mbele ya ule ukuta, na sikumbuki nilivyofika.

Sitasema nampa nini. Ute wake nimeuzoea, harufu yake imeingia kwenye nguo zangu zote, na mke wangu siku hizi analala chumba cha watoto. Lakini kinachonichefua hasa ni nafsi yangu. Jana, alipomaliza kunyonya, nilijiegemeza kwake, nikaupigapiga ukuta polepole kwa kiganja...

mpaka akacheua.