Mlio Usiokuwa wa Mkanda

Gari lilikunywa maji. Hilo ndilo lililomshtua Mansur kwanza.

Alikuwa fundi wa magari hapo Muyeye kwa miaka kumi na tisa, na mkanda wa injini unaolia haukumtisha. Kipimo chake kilikuwa kuwasha injini na kuunyunyizia mkanda maji kidogo. Mlio ukikatika, mkanda umechakaa au umelegea. Usipokatika, ni beringi ya mojawapo ya puli zinazozungushwa na mkanda. Adhuhuri ile alinyunyiza, mlio ukakatika, lakini ndani ya injini akasikia gubu, gubu, kama koo la mtu mwenye kiu. Alipozima na kuugusa mkanda, ulikuwa mkavu.

Gari lenyewe alipewa siku iliyotangulia na Awadh wa Mambrui, ndugu yake wa kunyonya. Mamake Awadh alifia uzazini, na mamake Mansur akawanyonyesha wote wawili. Awadh alilileta mwenyewe.

"Lipokee kwa mkono wako, ndugu yangu. Useme umelipokea."

"Nimelipokea," Mansur alisema huku akicheka, akamkumbatia. Awadh hakucheka.

Mansur alipowasha tena, mlio ukarudi, akamwita Mwikali, fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda jirani. Mwikali akaegemeza bisibisi ndefu kwenye alteneta, mpini akauweka sikioni.

"Hii nzima." Akahamia puli nyingine, na nyingine. "Zote nzima. Hebu toa mkanda."

Wakautoa, wakawasha tena. Mkanda ukiwa chini mchangani, hakuna cha kulia. Mlio ukapanda. Mwikali akazima injini, akachomoa ufunguo, na bado ule mlio ukaendelea, mwembamba, mrefu, ukiwaingia kwenye meno, na harufu ya mpira ulioungua ikachanganyika na harufu ya udi ambao hakuna aliyeufukiza, mpaka wote wawili wakasikia kwamba ule haukuwa mlio tu, ulikuwa unavuta jina, Maaansuuur, Maaansuuur, kama mtu anayeita kutoka chini ya kisima.

"Yesu wangu," Mwikali akanong'ona. "Fundi, limekutaja."

Siku ya tatu Mansur alifungua kinywa kumwitikia mteja, na kilichomtoka kooni kilikuwa ule mlio. Mteja alikimbia. Mwikali hakukimbia. Alimshika mkono, akampeleka ng'ambo ya barabara kwa Bi Sahla, mama mtu mzima anayetibu watu kwa dua.

"Shikamoo, Bi. Nimekuletea fundi. Kuna kitu kimemwingia."

"Marahaba, mwanangu. Mkalishe hapo."

Bi Sahla alimnywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dua, akaanza kusoma. Mansur akatetemeka hadi mkeka ukasogea.

"Nani kakuleta?" Bi Sahla akauliza.

Kinywa cha Mansur kikajibu kwa sauti isiyo yake. "Sikuja. Nimetolewa."

"Na nani?"

"Awadh. Nilikuwa kwa mwanawe, Umair. Babake akaniomba nimwache, akanipa ndugu yake."

Mansur aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe. Machozi yakamtoka kabla ya fahamu kumrudia vizuri.

Awadh alipigiwa simu, akaja, akasimama mlangoni akitazama viatu vyake.

"Mtoto alikuwa ananikaukia mikononi," alisema. "Nikaambiwa nikitie garini, nimtafute mtu atakayelipokea bila kuuliza. Nikawaza wee, sikumpata mwingine. Ni wewe tu."

"Ungeniambia," Mansur akasema, kwa sauti iliyokwaruza.

"Ungekubali?"

"Ningekubali. Umair ni mtoto wangu pia. Ungeniambia, Awadh, ningelipokea hivyo hivyo."

Awadh akajifunika uso.

"Njia nyepesi ipo," Bi Sahla akasema taratibu. "Mrudishie ufunguo mkononi, na hiki kitarudi kilikotoka. Njia nyingine ni mimi kukitoa hapa hapa, na kinaweza kuondoka na kitu chako."

Mansur aliutoa ufunguo mfukoni, akautazama, kisha akamtazama Awadh, ambaye alikuwa ameificha mikono nyuma ya mgongo. Akamwekea Bi Sahla ufunguo kiganjani.

"Kitoe hapa hapa."

Bi Sahla alisoma tangu adhuhuri hadi alasiri. Mansur alilia ule mlio hadi mishipa ya shingo ikasimama, Mwikali akamshika miguu, moshi wa chetezo ukajaa chumba, na mwisho kukatoka kishindo kimoja kama mkanda unaokatika injini ikiwa kasi. Kimya. Nje, ng'ambo ya barabara, kioo cha mbele cha gari kilikuwa kimepasuka toka juu hadi chini.

"Unanisikia?" Bi Sahla akauliza.

"Nakusikia, Bi."

"Mimi je?" Mwikali akauliza.

"Nakusikia vizuri."

Awadh akaja, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Midomo yake ikacheza, machozi yakimchuruzika, na kwa jinsi ilivyocheza Mansur alijua kwamba anaombwa msamaha. Lakini maneno hayakumfikia. Kinywani mwa ndugu yake mlitoka ule mlio, mwembamba, mrefu, na Bi Sahla na Mwikali walikuwa wakitikisa vichwa kwa huruma kama watu wanaosikia maneno ya kawaida.