Viatu Vilivyobaki Rafuni

Jua lilikuwa linazama pale dereva alipovuka mlango wa jumba la kifalme. Miaka kumi na miwili alikuwa akileta watalii wa siku moja pale, wao wakienda kushangaa, yeye akibaki kwenye basi akisinzia. Leo aliingia kwa sababu mzee wa viatu alimwita.

Humo ndani hakuna anayekanyaga na viatu, maana mbao za sakafu zina umri wa wafalme sita. Mgeni huvua vyake mlangoni, mzee akavipanga rafuni na kumpa ndara za kitambaa. Jioni rafu ikiwa tupu, jumba linafungwa.

"Abiria wako wote wametoka," mzee alisema. "Lakini kuna viatu vimebaki."

Dereva alitazama rafuni.

Viatu vya kike, vya kahawia. Soli ya kushoto ilikuwa na kiraka cha tyubu ya gurudumu.

Kiraka hicho alikibandika yeye, kwa gundi ya pancha. Na viatu hivyo alimvisha mkewe kwa mikono yake mwenyewe, miezi minne iliyopita, kabla jeneza halijafungwa.

Marehemu alitamani sana kuliona jumba hili. Kila Jumamosi aliuliza, "Baba watoto, leo nafasi ipo?" Na kila Jumamosi alijibiwa, "Gari limejaa, mama. Safari ijayo." Uongo mtupu! Kiti cha nyuma ya dereva kilikuwa wazi karibu kila safari. Mwanaume aliona haya tu, wateja wenye kamera shingoni wasije wakamwona mkewe na viatu vya viraka.

Asubuhi ya leo, wakati anawasha basi, alikigeukia kile kiti akanong'ona, "Haya panda, mama watoto. Leo nafasi ipo." Alisema kwa uchungu tu. Hakujua kama kuna anayesikia.

"Kamchukue," mzee alinong'ona bila kumtazama usoni. "Ila usimguse."

Dereva alivua viatu vyake, akavaa ndara, akaingia. Ukumbi wa kiti cha enzi ulikuwa na kiza. Harufu ya mbao kuukuu... kisha harufu nyingine. Mafuta ya mgando, yale aliyojipaka mkewe kila asubuhi kabla ya kuamsha watoto.

Srrr... srrr...

Mtu alikuwa akiburuta ndara katika chumba cha malkia.

Alimkuta amesimama mbele ya kamba ya kuzuia wageni, amempa mgongo, anakitazama kitanda cha malkia. Ni yeye. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kwa miaka ya kubeba ndoo.

"Kumbe kuzuri hivi," alisema.

Dereva alilia kama mtoto. "Mama watoto... twende nyumbani. Nafasi ipo. Kiti cha nyuma yangu."

Hakugeuka.

"Najua," alijibu taratibu. "Siku zote kilikuwapo."

Mkono wa dereva ulinyooka wenyewe. Ulishika baridi tu. Sakafuni zilibaki ndara mbili, tupu... na alipozigusa kwa vidole, bado zilikuwa na joto.

Alirudi mlangoni akiyumba. Vile viatu vya kahawia bado vilikuwa rafuni.

"Nipe basi niende navyo," aliomba.

"Siwezi. Mwenyewe bado yumo," mzee alisema, akamsogezea vyake. "Vaa uondoke, baba. Huu mlango nimeulinda muda mrefu. Anayeacha viatu hapa huja kuvifuata, na safari hiyo hatoki."

Nje abiria walikuwa wanapiga kelele wanachelewa. Dereva alivichukua viatu vyake, vyeusi, vya bei, alivyonunua Jumamosi moja ambayo gari "lilijaa". Akavirudisha rafuni, kando ya vile vyenye kiraka, akavilinganisha visigino.

"Mwambie nakuja," alisema.

Akashuka ngazi na ndara za kitambaa, akapanda basi. Kwanza awafikishe watu makwao.